Tulivyomsingizia Mungu

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa kanga doti mbili, saa ya ukutani yenye picha yangu nikiwa nimefumba macho, na jiko la gesi la plati mbili pamoja na mtungi wake. Mlipoona nimeukodolea macho ule mtungi nikashindwa hata kutoa shukrani, mkadhani furaha imenizidi, mkapiga vigelegele. Ahsanteni, lakini haikuwa furaha. Jiko bado liko kwenye boksi lake hapa nyumbani Isevya, mtungi nimeufunika kitambaa, na mimi naendelea kupikia mkaa.

Kiongozi wenu wa zamu aliniomba niandike mambo machache ya kuwafaa ninyi vijana wa wodi ya wazazi. Mishahara sitaigusa. Vyeo nilipata viwili, na kimoja kilikuwa cha kukaimu. Nitaandika juu ya kitu mtakachokutana nacho kazini maisha yenu yote: ile nafasi kwenye fomu iliyoandikwa "chanzo cha kifo", na jinsi watu wanavyopenda Mungu ndiye aijaze.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwenye viatu vyeupe vinavyobana, katika hospitali moja hapa mjini. Siku ya kwanza, kabla hata sijaoneshwa choo, alifariki mzee wa kitanda cha dirishani. Nikamwuliza mwanawe mzee alikuwa akilalamika nini. Mwanawe, Mkristo safi wa suruali iliyopigwa pasi, akanijibu, "Andika tu Mungu amempenda zaidi." Nikaandika. Kwa mwandiko wangu mzuri uliowahi kusifiwa shuleni, nikaandika hivyo kwenye faili la serikali.

Nesi mfawidhi wetu aliitwa Mama Vero, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika jikoni bila kupazwa. Alilisoma faili, akalisoma tena, akaniita.

"Nani kaandika hii?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu Mungu alikuwa zamu gani?"

Nikatazama viatu vyangu vyeupe.

"Nauliza maana simwoni kwenye orodha. Hana namba ya utumishi, hajanawa mikono, hajavaa glavu, lakini kaingia wodini kwangu kaniulia mgonjwa?"

Msidhani Mama Vero alikuwa hana dini. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, rozari mfukoni pamoja na mkasi. "Mungu namkuta kanisani saa kumi na mbili," aliniambia baadaye tukinawa mikono. "Misa ikiisha namwacha kule nakuja kazini. Chanzo cha kifo ni kitu ambacho kesho unaweza kukikamata, mwanangu. Malaria unaikamata. Damu unaikamata. Mungu utamkamatia wapi? Kama hujui, andika hujui. Aibu yake ni ya siku moja." Ikaja kuonekana mzee alikuwa na ngiri iliyojifunga, na kwa siku nne walikuwa wakimkanda tumbo nyumbani.

Mama Vero ndiye aliyenifundisha kusikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe ya mbao, sikio limebanwa kwenye tumbo la mama na pumzi umeishika. Alinifundisha kukisia damu iliyomwagika kwa kuhesabu vitambaa, kwa sababu macho ya mtu mwenye hofu hudanganya. Alinifundisha pia kwamba mkunga akienda haja ndogo, mtoto huzaliwa. Hili la mwisho halimo kwenye mtaala, lakini subirini mtaona.

Nilipozoea kazi ndipo nikagundua kwamba Mungu wa kwetu Tabora ana shughuli nyingi kupita mtumishi yeyote wa halmashauri. Bodaboda asiye na taa akigonga mtu, ni Mungu. Mama akiletwa kwa mkokoteni siku ya tatu ya uchungu kwa sababu mkwe alisema asubiri, ni Mungu. Mlevi akilala relini, ni Mungu pia, na hapo huongezwa kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Wachungaji wanahubiri Jumapili kwamba Mungu ni upendo na uzima, halafu Jumatatu makaburini wanamkabidhi maiti zote za wiki bila kumwuliza. Mimi ni Mkristo wa kubatizwa, nimeimba kwaya sauti ya pili miaka mingi, na hilo lilianza kuniudhi. Mtu mnayempenda hamumbambikii kesi.

Baadaye nikahamishiwa zahanati ya kijiji kimoja njia ya kwenda Usinge. Kijiji sikitaji, na dhehebu silitaji pia, maana siku hizi hata makanisa yana mawakili. Ni eneo lenye tumbaku na misitu, na wazee wa pale walipenda kusema kwamba misafara ya zamani ilipita humo ikielekea ziwani. Waliokufa njiani na mizigo ya watu kichwani hawakuandikiwa fomu, lakini nina hakika alikuwepo mtu wa kusema siku zao zilikuwa zimefika.

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, mizani ya watoto, kitanda cha kuzalia, na friji inayoendeshwa kwa gesi. Friji ile ndiyo ilikuwa roho ya kituo. Ndani yake tulitunza chanjo na vichupa vya oksitosini, ile sindano ya kukaza mji wa mimba ili mama asitokwe na damu baada ya kujifungua. Mlangoni palining'inia chati ya joto. Asubuhi na jioni unasoma kipimajoto na kuandika tarakimu. Wakaguzi wakija, chati ndiyo wanayoitazama kwanza.

Pale kijijini walikuwa na desturi ya kusoma wasifu wa marehemu kaburini: alizaliwa, akabatizwa, akaoa au akaolewa, akaacha watoto kadhaa. Sehemu ya ugonjwa walinipa mimi niisome, kwa kuwa ndiye niliyemwona mgonjwa mwisho. Nilikuwa naisoma vizuri. Nilitaja ugonjwa kwa jina lake, nikataja dawa alizopewa, nikamaliza kwa "ndipo umauti ulipomfika". Mtu wa tatu, aliyesimama baada yangu, ndiye aliyeleta mstari wa Bwana kutoa na Bwana kutwaa. Mimi sikuusoma kamwe, na nilijiona shujaa kwa hilo.

Basi mwaka mmoja, mvua zilipoanza, kanisa letu likaletewa mchungaji mpya, kijana aliyetoka chuoni, mpole, mwenye pumu. Wazee wa kanisa wakapanga pilau ya kumpokea. Mvua ilikuwa haikati, ikabidi wapikie ndani ya nyumba yake, na kuni zilikuwa zimelowa. Mzee wa kanisa akanijia zahanati.

"Nesi, moshi utamuua mgeni. Si una ule mtungi?"

Nilipaswa kusema hapana. Lakini alinigusa penye taaluma yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwahubiria kila kliniki kwamba moshi ni mbaya kwa mwenye pumu, na siku hiyo kijiji kizima kilikuwa kimenielewa! Tena ilikuwa siku moja tu. Nikazipakia chanjo kwenye kasha la baridi, nikazipeleka kituo cha afya cha jirani kwa pikipiki, nikaona nimefanya kazi ya kitaalamu kweli kweli. Chanjo nilizikumbuka kwa sababu chanjo hukaguliwa. Boksi dogo la oksitosini lililokuwa nyuma, sikulikumbuka.

Pilau ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo hata hapo. Tulikula wote. Yustina, mwimbaji mwenzangu wa sauti ya pili, alikuwa na mimba ya miezi minane. Akapewa kazi ya kukaa, akachambua mchele. Kesho yake mtungi ukachemshia kwaya chai, keshokutwa wageni wa jimboni wakapita, na uliporudi kwangu ulikuwa mtupu. Nikaagiza mwingine Tabora. Barabara ilikuwa imekatika. Friji ilikaa siku kumi na tisa bila gesi chini ya bati, kwa joto mnalolijua, na kila asubuhi na jioni nikawa naandika kwenye chati: nne, nne, tano, nne. Nilijiambia friji haina chanjo, kwa hiyo hakuna ninayemdhuru.

Mtungi mpya ulipofika nikawasha, friji ikapoa, nikarudisha chanjo, nikasahau. Siku ya tano Yustina akaletwa na mumewe, Zakaria, mkulima wa tumbaku mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Ilikuwa mchana. Mtoto alitoka salama, wa kike, akilia kwa hasira. Kondo la nyuma likatoka lote, nililikagua. Kisha damu ikaanza.

Nikachoma sindano. Nikasugua tumbo, nikamweka mtoto kwenye ziwa, nikaweka dripu. Mji wa mimba ulibaki laini kama unga uliozidi maji. Nikachoma ya pili. Dawa iliyokufa haioneshi kitu, wanangu. Ilikuwa angavu kama ya jana. Nilipochukua kichupa cha tatu ndipo nikaliona boksi lenyewe: karatasi yake imevimba na kujikunja, kama kitu kilichowahi kulowa kikakauka. Barafu ilikuwa imeyeyuka juu yake. Hapo nikajua, na mkono wangu mwingine ulikuwa bado ndani ya damu yake.

Zakaria alikimbilia trekta la chama cha tumbaku ili tumpeleke hospitali. Liliporudi naye, Yustina alikuwa ameshaacha kuniuliza kama mtoto ana nywele.

Kwenye fomu nikaandika: kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Mama Vero angeipitisha bila kuuliza. Kaburini nikasoma hivyohivyo, sauti haikutetemeka. Kisha mchungaji wetu kijana akasimama kwenye tope na kutuambia kwamba Mungu ana bustani, na katika bustani yake huchuma ua lililo zuri kuliko yote. Nikawaza kwamba bustani hiyo inapenda sana wajawazito wa vijijini. Nilimkasirikia mchungaji. Njiani kurudi ndipo nilipoelewa kwamba sina haki ya kumkasirikia. Yeye alijificha nyuma ya Mungu kwa kutojua, mimi nilijificha nyuma ya damu hali najua kila kitu.

Baada ya wiki nikamwendea nyumbani kwake.

"Mchungaji, nina swali. Mungu anaua?"

Akaweka kikombe chini. "Hapana, dada. Mungu haui. Anatwaa."

"Tofauti yake?"

"Mwenye mali akichukua mali yake, hatumwiti mwizi."

"Na wale watoto wanne wa Yustina si mali yake?"

Akasema kifo kiliingia duniani kwa dhambi. Nikamwuliza dhambi ya nani. Akasema ya wazazi wetu wa kwanza. Nikamwambia hao wako mbali, tutafute mtu wa karibu. Akanitazama, akavuta dawa yake ya pumu, akasema kwa sauti ya kawaida, si ile ya madhabahuni, "Dada, ulitaka niwaambie nini pale kaburini? Kwamba sijui? Mume wake alikuwa ananitazama." Nilimhurumia. Nami nilikuwa na jibu mfukoni, nikaondoka nalo.

Ilinichukua siku arobaini kupata ujasiri, na sikuupata kanisani. Zakaria alikuwa hakanyagi kanisa tena. Watu walisema amerudi nyuma. Nilimkuta asubuhi kwenye bani lake, lile banda la udongo la kukaushia tumbaku, akiziba nyufa.

"Mwangaluka, nesi," akanisalimu kwa kilugha.

"Mwangaluka. Hatukuoni ibadani."

"Nije kufanya nini?" Akaendelea kusiriba. "Mimi na Mungu hatuongei. Nilimwita mwizi. Nikaona haitoshi, nikamwita mchawi. Usishtuke. Aliyenichukulia mke akaniachia mtoto wa kunyonya, nimwiteje?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio kama natoa ripoti ya zamu, kwa sababu ningejaribu njia nyingine yoyote ningelia, na kulia kungekuwa ni kumwomba anibembeleze. Mtungi, boksi, siku kumi na tisa, chati.

"Mtungi wa ile pilau?"

"Ndiyo."

"Yustina alichambua mchele wake."

"Najua, Zakaria."

Nikamwambia pia kwamba siwezi kuapa kuwa dawa nzima ingemwokoa. Wapo wanaokufa hata kwa dawa nzima. Lakini angekuwa na nafasi, na mimi ndiye niliyeitoa. Udongo ulikuwa unakauka mikononi mwake. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeamua kutokimbia.

"Pale kaburini ulisoma uongo," alisema.

"Nilisoma nusu."

"Basi utakuja kusoma nusu ya pili. Siku nitakayoweka msalaba, mbele ya walewale."

"Nikisema hivyo naweza kufungwa."

"Utakuja ukitoka."

Sikungoja msalaba kumwandikia mganga mkuu wa wilaya. Niliandika barua mwenyewe, nikaambatanisha chati yangu ya uongo. Nikaitwa kwenye kikao, nikahojiwa siku mbili, nikapewa onyo kali na kuhamishiwa upande wa Isikizya nifanye kazi chini ya mwangalizi. Tulipokuwa tunatoka, mjumbe mmoja wa kikao, mama wa makamo mwenye msalaba shingoni, alinivuta pembeni akaninong'oneza kwa huruma ya kweli, "Sista, mambo kama haya ungemwachia Mungu tu." Nikamjibu kwamba hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefanya.

Miaka ya baadaye mnaijua. Zikaja friji za jua, zikaja semina, zikaja simu za kupiga picha chati ili mtu asijaze kwa kukisia. Wengine wenu nimewafokea mpaka mkalia kwa sababu ya tarakimu moja ya joto, mkaniita Mama Kipimajoto mkidhani sisikii. Sasa mnajua kwa nini. Ila kuna siku moja nimeiacha, na hiyo ilikuja miaka mitatu baada ya mazishi, Zakaria aliponipigia simu na kusema maneno machache tu: "Saruji imepatikana. Ni Jumamosi."

Nikaenda. Walikuwepo walewale: wazee wa kanisa, kwaya, akina mama wa jikoni, mchungaji ambaye sasa alikuwa na kitambi kidogo. Mtoto alikuwa amesimama na gauni la njano, ana nywele nyingi. Wasifu ukasomwa, ilipofika sehemu ya ugonjwa Zakaria akanielekezea kidole.

Nikasoma. "Yustina alifariki kwa kutokwa na damu. Damu haikuzuilika kwa sababu dawa ilikuwa imeharibika kwa joto. Iliharibika kwa sababu mtungi wa friji ulipelekwa jikoni kupika pilau ya kumpokea mchungaji. Aliyeutoa ni mimi. Aliyeandika kwenye chati kwamba friji ina baridi ni mimi. Aliyenyamaza hapahapa kaburini ni mimi."

Mzee wa kanisa aliyekuja kuuomba mtungi akakaa chini kwenye majani, palepale alipokuwa. Mama wa Yustina alikuwa akinitazama tu, na macho yale sitayaeleza hapa. Ilikuwa zamu ya mchungaji kuhubiri. Akaja mbele, akafungua Biblia, akaifunga. Alijaribu kuanza mara mbili. Mwishowe akasema, "Mimi nilikula sahani mbili," na akarudi kusimama mahali pake. Nimesikia mahubiri mengi maishani. Lile ndilo pekee ninaloweza kulirudia lote.

Likabaki neno la shukrani la familia. Zakaria hakuwashukuru waliokuja wala hakutaja chakula. Alivua kofia, akamshika mtoto mkono, akaangalia juu kama mtu anayemtafuta jirani juu ya paa.

"Mungu," alisema, "mimi ni Zakaria. Yale majina niliyokuita miaka hii yote, mwizi, mchawi na yale mengine, nayafuta. Tulikusingizia. Naomba uniwie radhi mbele ya watu hawa."

Kwaya ikavuta pumzi ianze wimbo. Akainua mkono kuwazuia.

"Lakini siku zile kumi na tisa ulikuwa unaona. Sisi hatukujua, nesi alisahau. Wewe ulikuwa unaliona lile boksi. Hilo bado tutaongea, mimi na wewe."

Akavaa kofia yake. Watu wakaangaliana, hakuna aliyejua kama hapo panasemwa amina. Nilisema mimi.